Kabla Hujasema "Niongezee Gesi"

Alikuja mwezi wa Februari, saa nane mchana, vioo vyote vinne vya gari vimeshushwa na mtandio wake umelowa jasho. Ni muuguzi, anafanya kazi kwa zamu, na siku hiyo alikuwa anatoka zamu ya asubuhi. Aliegesha IST yake chini ya mwembe wa karakana yangu hapa Temeke, akashuka, akasema maneno ambayo msimu wa kaskazi nayasikia karibu kila siku:

"Shikamoo fundi. AC inatoa joto. Niongezee gesi."

"Marahaba, mwanangu. Iliongezwa lini mara ya mwisho?"

Akahesabu kwa vidole. Novemba, Desemba kabla ya Krismasi, kisha Januari. Mara tatu ndani ya miezi mitatu, kwa mafundi wawili tofauti. Kila mara AC ilipoza siku hiyo, akalipa, akaondoka. Haikuisha wiki joto likarudi. Nikamwuliza kama kuna fundi aliyetaka kujua joto linaanza saa ngapi, akiwa wapi, gari likitembea au limesimama. Akatikisa kichwa. Walifungua boneti, wakaunganisha bomba, wakajaza.

Nina miaka 24 katika kazi hii. Nilisoma ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA Chang'ombe, halafu nikakaa miaka mitatu chini ya mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akitengeneza friji za mabucha. Yeye ndiye aliyenifunza kutogusa geji kabla ya kumsikiliza mwenye chombo. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wanalipia dawa kabla ya ugonjwa kujulikana, na kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mwenye gari anayeweza kueleza vizuri tabia ya AC yake amekwisha kumfanyia fundi nusu ya kazi.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: gesi ya AC haiishi. Petroli inaungua, kwa hiyo unajaza tena. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inarudi ilikotoka, inazunguka tena. Ikipungua, imetoka mahali. Ni kweli kwamba mabomba ya mpira na oringi hupitisha kidogo sana mwaka hadi mwaka, ndiyo maana gari la miaka kumi linaweza kuwa na upungufu bila tundu la kuonekana. Lakini gesi iliyojazwa Novemba haiwezi kupotea Desemba kwa njia hiyo. Ama kuna mahali panavuja, ama gesi ilikuwepo tangu mwanzo na tatizo ni jingine kabisa.

Joto linavyohamishwa

Nilimwuliza muuguzi yule: ukimpaka mgonjwa spiriti kabla ya sindano, anahisi nini? "Baridi," akasema. Na spiriti hiyo haikutoka kwenye friji; ilikuwa mezani, kwenye joto lile lile la wodi. Inapokauka kwenye ngozi, yaani inapogeuka kutoka majimaji kuwa mvuke, inahitaji joto, na joto lililo karibu ni la ngozi. Mtungi wa udongo nao hupoza maji ya kunywa hivyo hivyo: maji kidogo hupenya hadi nje ya udongo, hukauka, na huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani.

AC ya gari ni kazi hiyo ikifanywa bila kukoma. Gesi iliyomo kwenye magari mengi ya barabara zetu inaitwa R134a. Ikiwa huru hewani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo kwake hata barafu ni moto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huinyonya ikiwa mvuke na kuibana. Mvuke ukibanwa hupata joto kali. Mvuke huo huingia kwenye kondensa, ule wavu wa alumini ulio mbele ya rejeta, ambako upepo huunyang'anya joto hadi ugeuke majimaji. Majimaji hupita kwenye draya, chujio linalonyonya unyevu, kisha hufika kwenye valvu ya ekspansheni, ambayo ni tundu jembamba mno. Yakitokea upande wa pili, shinikizo limeanguka ghafla, nayo huanza kuchemka ndani ya evaporeta, wavu mwingine uliofichwa nyuma ya dashibodi. Joto la kuchemkia yanalichukua kwenye hewa ya ndani ya gari, inayopulizwa na feni kupita juu ya wavu huo. Hewa hutoka imepoa na imekauka, na unyevu wake hudondoka chini kama maji. Ukiona maji masafi chini ya gari lako lililokuwa likitumia AC, usiogope. Hiyo ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Ukilielewa hilo, umeelewa mengi. Kuna mahali joto linapochukuliwa, nyuma ya dashibodi, na mahali linapotupwa, mbele ya rejeta. Mojawapo ikizibwa, au kompresa isipozunguka, utapata hewa ya moto hata kama gesi imejaa tele.

Anza ukiwa umekaa kwenye kiti

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji chombo chochote. Washa injini, washa AC, feni iweke juu, kitasa cha joto kisukume hadi mwisho wa baridi. Angalia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojipinda ndani yake. Kikiwa kimezimwa, gari linavuta hewa ya nje. Kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, hewa hiyo ni moshi na joto la lami, na AC ndogo ya gari dogo inalemewa. Kiwashe, gari lizungushe hewa ile ile ya ndani iliyokwisha kupoa. Nimewahi kuwarudisha watu nyumbani bila kuwatoza hata shilingi kwa kubonyeza kitufe hicho tu.

Gari lililokaa juani lina joto kubwa ndani kuliko la nje. Fungua vioo, endesha dakika mbili au tatu, joto litoke, ndipo ufunge na kuwasha kitufe cha kuzungusha hewa. Kuidai AC ipoze tanuri mara moja ni kuionea.

Kisha weka kiganja kwenye matundu. Hewa inatoka kwa nguvu lakini ni ya moto? Au inatoka dhaifu? Hizi ni njia mbili tofauti. Hewa dhaifu mara nyingi ni filta ya AC iliyojaa vumbi. Kwenye Toyota nyingi filta hiyo ipo nyuma ya sanduku dogo lililo mbele ya abiria. Unalifungua kwa mkono, unalishusha, unavuta filta nje kama droo. Nimezitoa zikiwa na majani, manyoya ya kuku na vumbi jekundu la safari za bara, zimekuwa nzito kama tofali la udongo. Filta mpya ni bei ndogo na kazi ya dakika tano.

Itazame pia taa ya kitufe cha AC. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi. Ikiwa inawaka na kuzimika kwa kupepesa, kwenye Toyota nyingi hiyo ina maana kwamba gari lenyewe limeona hitilafu na kuikatia kompresa umeme. Mwambie fundi jambo hilo mwanzoni kabisa. Na mshale wa joto la injini usiusahau: injini ikikaribia kuchemka, magari mengi huzima AC ili kujiokoa. Hapo mgonjwa ni rejeta, na AC inatoa taarifa tu.

Kisha fungua boneti

Hapa kuna mikanda na feni zinazoweza kuanza kuzunguka bila kukuonya. Funga mtandio, vua tai, kunja mikono ya shati, na usiingize kidole popote. Unakwenda kutazama na kusikiliza.

Mwombe mtu awashe na kuzima kitufe cha AC huku injini inaunguruma. Kwenye kompresa yenye klachi utasikia "ta!" na kuona sahani ya mbele ya puli, iliyokuwa imetulia, ikianza kuzunguka pamoja nayo. Isipofanya hivyo, kompresa haifanyi kazi, na sababu ni chache: fyuzi, rilei, waya, koili ya klachi, swichi ya shinikizo inayokataa kwa sababu gesi ni kidogo mno au imezidi, au nafasi ya klachi iliyopanuka. Magari mapya kadhaa hayana klachi ya aina hii. Puli yake huzunguka muda wote na kompresa hujipunguza au kujiongeza kwa valvu ya umeme. Kwa hiyo usilie kwamba kompresa imekufa kwa sababu tu hukusikia mlio.

Kompresa ikishika, feni ya mbele inapaswa kuzunguka nayo. Tazama pia uso wa kondensa kupitia matundu ya bampa. Kama umezibwa na matope, wadudu na mifuko ya plastiki, joto halina pa kutokea. Ioshe kwa maji ya kawaida, mpira wa bustani unatosha. Mashine ya presha ikisogezwa karibu hulaza mapezi yake na kuziba kabisa. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewa ya bahari. Inakula alumini polepole, na kondensa nyingi ninazokuta zinavuja Dar es Salaam zimeanza kutoboka kwenye pembe za chini zinakokaa uchafu na unyevu.

Halafu mabomba mawili. Moja ni nene, linalorudi kwenye kompresa. Jingine ni jembamba, linalotoka kwenye kondensa. AC ikiwa imefanya kazi dakika kumi, bomba nene linapaswa kuwa baridi na kutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Liguse kwa haraka na kwa uangalifu karibu na ukuta wa dashibodi, mbali na mkanda. Likiwa baridi hivyo wakati ndani ya gari kuna joto, acha habari ya gesi. Baridi inatengenezwa, ila haikufikii. Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita yenye maji ya moto ya injini, na kuna kijilango kinachochagua hewa ipite wapi. Kijilango kikikwama, au mota yake ikifa, hewa iliyopozwa inapitishwa tena kwenye hita. Unaweza kujaza gesi hadi Idi na hali itabaki vile vile.

Mwisho, tafuta mafuta. Gesi inapozunguka hubeba mafuta ya kompresa, na inapovuja huyaacha mlangoni. Doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye kiungo cha bomba, kwenye kondensa au chini ya puli ya kompresa ni nyayo za mwizi.

Joto lina ratiba

Dalili ninayoithamini kuliko zote ni ratiba ya joto. Linakuja lini?

Kama AC inapoza vizuri ukiwa barabara kuu na kutoa joto ukisimama kwenye foleni, karibu kila mara tatizo ni upepo wa kondensa. Ukitembea, mwendo wa gari ndio feni. Ukisimama, feni ya umeme inatakiwa kuchukua zamu, nayo imekufa, au inazunguka kivivu, au kondensa imejaa uchafu.

Kama inapoza vizuri nusu saa ya kwanza, kisha hewa inazidi kudhoofika hadi inakaribia kukata, na ukizima dakika 15 inarudi, evaporeta inaganda barafu. Hewa haiwezi kupenya barafu. Sababu yake yaweza kuwa filta iliyoziba, kihisio cha joto kibovu, au gesi iliyopungua.

Kama upande wa dereva ni baridi na wa abiria ni vuguvugu, au kinyume chake, huenda gesi imepungua na inapoza sehemu tu ya evaporeta, au vijilango vya ndani havifuatani.

Kama ubaridi unapungua polepole, mwezi huu ukiwa hafifu kuliko mwezi uliopita, hapo ndipo kuvuja kunaposhukiwa kwa haki.

Na kama inapoza asubuhi na kukataa mchana? Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya muuguzi wangu, na hakuwahi kuisema kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Nilipomwuliza, alifikiri kidogo akasema: "Nikitoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, AC ni baridi mpaka nyumbani. Nikitoka zamu ya asubuhi, mchana, ni joto." Mafundi wa mwanzo walilipokea gari likiwa limepumzika kivulini, wakajaza, likapoza mbele ya macho yao, wakaamini wameponya.

Niliunganisha geji. Upande wa shinikizo kubwa ulikuwa umepanda hadi psi 330. Katika joto letu la mchana natarajia kuona kati ya 200 na 250 hivi, na upande mdogo kati ya 25 na 45. Gari halikuwa na upungufu wa gesi; lilikuwa limeshindiliwa. Gesi ikizidi, majimaji hujaza kondensa, nafasi ya kutupia joto hupungua, kompresa inasukuma ukuta, na ubaridi unashuka. Kila aliyeongeza alizidisha ugonjwa.

Nikaliondoa gari mwembeni nikaliweka juani, injini ikiwaka, AC ikiwa juu, nikangoja. Dakika ya 40 sahani ya klachi ikasimama. Taa ya kupimia umeme ilionyesha kwamba umeme unafika kwenye koili, lakini sahani haishiki. Nikaisukuma kidogo kwa ubao mrefu, "ta!", ikashika na hewa ya baridi ikarudi. Hilo si jambo la kujaribu nyumbani. Nalieleza ili ujue ushahidi ulivyopatikana.

Klachi ya kompresa ni sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku huivuta sahani ishikane na puli. Kati ya sahani na puli kuna nafasi ndogo, kwenye kompresa nyingi za aina ile ni kati ya milimita 0.3 na 0.6. Miaka ikipita, sahani inalika na nafasi inapanuka. Koili ikiwa baridi ina nguvu ya kuvuta hata umbali uliozidi. Ikishika moto, waya wake hupitisha umeme kidogo zaidi, sumaku inadhoofika, na sahani haifikiwi. Nafasi ya gari la muuguzi ilikuwa imefika karibu milimita 1. Nilizima injini, nikafungua boliti ya kati, nikatoa washa moja nyembamba kama ukucha, nikafunga. Nikavuta gesi yote kwa mashine, nikairudisha kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari. Iliyobaki kwenye mtungi wangu ilikuwa karibu gramu 200. Hakununua spea hata moja.

Gesi hupimwa kwa mizani

Watu wengi hawajui kwamba geji peke yake haiwezi kusema gari lina gesi kiasi gani. Injini ikiwa imezimwa na joto la nje ni nyuzi 30, R134a itasoma karibu psi 97, iwe mfumo una gramu 200 au 450, mradi ndani kuna majimaji kidogo. Usomaji huo unathibitisha kwamba gesi ipo, basi. Njia ya uhakika ni kutoa yote, kuvuta hewa kwa pampu ya vakyumu, na kupima gesi kwenye mizani gramu kwa gramu. Uzito sahihi umeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi madogo huchukua chini ya nusu kilo. Noah na mengine yenye AC ya nyuma huchukua zaidi. Maandishi ya kibandiko yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini tarakimu na herufi "g" hazihitaji mkalimani.

Vakyumu si pambo. Mfumo ukifunguliwa, unyevu wa hewa yetu ya pwani huingia. Maji ndani ya mabomba yanaweza kuganda kwenye tundu la valvu na kukata baridi ghafla, na yakichanganyika na mafuta na gesi hutengeneza asidi inayokula alumini kwa ndani. Pampu ikivuta nusu saa au zaidi, shinikizo linashuka kiasi kwamba maji yanachemka bila moto na kutoka kama mvuke. Kisha fundi hufunga valvu na kuitazama geji bila kugusa kitu. Sindano ikirudi nyuma, pana tundu, na kujaza gesi wakati huo ni kuimwaga. Atafute kwa naitrojeni na povu la sabuni, au kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa yake. Dawa za makopo zinazodai kuziba matundu kutoka ndani nakusihi uziepuke. Huziba na valvu pia.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko uvujaji. Duniani kumekamatwa mitungi ya gesi bandia iliyoandikwa R134a huku ndani mna kemikali inayoshambulia alumini na inayoweza kulipuka. Na wapo wanaoshauri kujaza gesi ya kupikia kwa sababu inapoza na ni rahisi. Inapoza kweli. Lakini evaporeta iko ndani ya chumba mlichokaa na watoto wenu. Ikitoboka usiku, vioo vimefungwa, cheche moja ya swichi inatosha. Sijawahi kuijaza na sitaijaza. Fundi akikwambia anayo gesi nafuu, mwombe akuonyeshe mtungi ulivyo, kifuniko na maandishi yake.

Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yanahitaji tahadhari yake. Kompresa yake haina mkanda. Inaendeshwa kwa umeme wa volti nyingi unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa, umeme unaoweza kuua. Mafuta yake pia ni tofauti, na ya kawaida yakichanganyika nayo huharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Halafu ubaridi wa chumbani ndio unaovutwa kuipoza betri kubwa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Kwa magari hayo AC ya moto inagusa uhai wa betri, na tundu lile lisizibwe na mikoba wala blanketi.

Kinachotoka hewani

Nilipoanza kazi bado tulikutana na magari ya zamani yenye R12, gesi iliyotoboa tabaka la ozoni hadi nchi za dunia zikafunga Itifaki ya Montreal mwaka 1987. R134a ililetwa kuiokoa ozoni, na haiigusi, lakini inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Oktoba 2016, hapa hapa kwa majirani zetu mjini Kigali, nchi za itifaki hiyo zilikubaliana kupunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Magari mapya ya Ulaya yamehamia R1234yf, gesi tofauti ambayo haichanganywi na hii.

Nilipiga hesabu yangu karakanani. Gramu 450 zikiachiwa hewani zinaleta joto sawa na kuchoma zaidi ya lita 200 za petroli. Hizo ni tanki zaidi ya nne za IST, zimepotea kwa dakika moja ya "fssss" inayofanywa na fundi asiye na mashine ya kuvutia gesi. Gesi hiyo hiyo ikikurukia machoni inaweza kuyagandisha, na ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa moshi wa sumu. Kwa hiyo usimruhusu mtu afungue bomba lenye gesi au kulichomelea.

Uliza haya

Ukifika kwa fundi, mweleze ratiba ya joto kabla hajafungua boneti. Mwulize: kama gesi imepungua, imetokea wapi? Utavuta vakyumu kwa muda gani? Una mizani? Nionyeshe hewa inatoka na nyuzi ngapi kabla na baada ya kazi. Kipimajoto kidogo kwenye tundu la kati kinatosha. Gari likizungusha hewa yake ya ndani, nafurahi nikiona nyuzi 10 au chini yake. Fundi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo.

Na ukiwa nyumbani, washa AC dakika kumi kila wiki hata msimu wa kipupwe. Mafuta yanayozunguka na gesi ndiyo yanayolainisha sili ya kompresa; ikikauka, inavuja. Masika ikifika utaihitaji kwa jambo jingine: hewa kavu ya AC hufuta ukungu kwenye kioo cha mbele haraka kuliko kitambaa chochote, na hapo ni usalama wa roho zenu.

Muuguzi alirudi mwezi wa Aprili. Hakuja na IST. Alikuja na Noah ya kaka yake, mvua imekatika muda si mrefu, njia imejaa madimbwi. Alinisalimia, nikaitikia, nikangoja yale maneno ya gesi.

"Fundi, hii inapoza vizuri tukiwa barabarani," akasema. "Tukisimama kwenye foleni inatoa joto. Tukianza kutembea tena, baridi inarudi. Na maji chini yanadondoka kama kawaida."

Geji niliiacha ndani ya sanduku. Nilichukua taa ya kupimia umeme, nikaenda moja kwa moja kwenye feni.